Zabibu za Wasio na Mizabibu

Mtoto anarudi nyumbani jioni. Mama yake hamuulizi alikokuwa. Anamtazama midomo, anamtazama vidole, anajua. Midomo na vidole vina rangi moja, na ni rangi isiyotoka kwa maji.

Hadithi hiyo fupi ya Kiingereza niliitafsiri kwa ajili ya kitabu cha wanafunzi, na hapo ndipo nilipokwama. Mama na mtoto hawakunisumbua, maana hao tunawajua. Nilikwama kwenye tunda. Mwandishi amelitaja mara moja tu, kwa jina ambalo Waingereza wengi wa leo wangelazimika kuliulizia: "whortleberry".

Kalamu yangu ilikimbilia zambarau. Sisi tuliokulia chini ya mizambarau tunajua maana ya kutoa ulimi nje ili wenzako waone umekula ngapi, na tunajua pia shati la shule lenye doa la zambarau lilivyotuponza. Niliandika zambarau, nikasoma upya, nikafuta. Mzambarau ni mti mkubwa. Mtoto huupanda, au husimama chini yake akiokota na kurusha mawe. Mtoto wa hadithi ile hakupanda kitu. Alishinda ameinama. Kichaka alichokuwa akikichuma hakifiki kiunoni pa mtu mzima, mara nyingi hakifiki hata magotini, na kimeota kwenye kilima cha baridi kisicho na mti mkubwa wa kumpa kivuli. Ningeandika zambarau, wanafunzi wangemwona juu ya tawi, na hadithi nzima ingehama nchi.

Basi nikaanza kulifuatilia neno, na sijajuta. Tafsiri ile ya kurasa tisa ilinichukua muda mrefu kuliko vitabu vizima nilivyowahi kutafsiri.

Wataalamu wa mimea wanaliita tunda hili Vaccinium myrtillus. Mmea wake una vijiti vya kijani vyenye kingo, majani madogo yanayopukutika majira ya baridi, na maua mithili ya vikengele vyekundu-kijani yanayoinamia chini. Hupenda udongo wenye tindikali, ule ambao mahindi na ngano huukataa, kwa hiyo hukaa mahali ambapo mkulima ameshakata tamaa: juu ya vilima vya mawe, kwenye nyika za baridi, chini ya misonobari. Tunda huiva kuanzia Julai hadi Septemba. Ni dogo kuliko punje ya zabibu, rangi yake buluu inayokaribia weusi, na juu lina vumbi jeupe jembamba ambalo kidole kikigusa hufutika. Halioti kwa vichala. Huota moja moja, au mawili, kwa hiyo kujaza bakuli ni kazi ya mgongo.

Neno lenyewe limepinda njiani. Katika Kiingereza cha kale tunda liliitwa "horte". Baadaye likaitwa "hurt", na likiungwa na neno la jumla la matunda madogo, likawa "hurtleberry". Watu wa kusini-magharibi ya Uingereza, pande za Devon na Somerset, waliliongezea sauti ya "w" mwanzoni, kama Waingereza walivyoongeza herufi hiyo katika maandishi ya maneno mengine yaliyoanza na "h", na kufikia karne ya 16 "whortleberry" lilikuwa limeingia vitabuni. Hutamkwa karibu na "wotoberi". Lakini mchumaji wa nyika ya Exmoor, pande hizohizo, hatamki jina lote. Kwake ni "worts", au "urts" tu, na kwenda kuchuma ni kwenda "a-whorting", tendo kamili lililozaliwa na tunda, kama sisi tulivyo na kuvua kwa samaki na kugema kwa tembo.

Neno likiwa na kitenzi chake, ujue lilikuwa na watu wake. Vijiji vya Exmoor, vya Surrey na vya mpaka wa Wales vilihesabu mwaka kwa kuchuma. Madaftari ya shule za zamani yana malalamiko ya walimu kwamba madarasa ni matupu, watoto wako kilimani. Walikuwa kazini. Katika vilima vya Long Mynd na Stiperstones, jimbo la Shropshire, fedha za matunda haya ndizo zilizonunua viatu vya majira ya baridi, na wenyeji husimulia kwamba sehemu ya mavuno ilisafirishwa kwenda viwanda vya nguo vya kaskazini kutengenezewa rangi. Mtoto wa hadithi yangu, basi, huenda hakuwa mtoro. Nilirudi kwenye sentensi ya mama yake nikaisoma upya: kutouliza kwake hakukuwa kumsamehe mtoto. Alikuwa akipima mavuno, na kukisia ni kiasi gani kimeishia tumboni.

Ila ukivuka kutoka Somerset hadi Shropshire usiseme "whortleberry". Huko ni "whinberry" au "wimberry". Panda hadi Yorkshire, ni "bilberry", jina linaloelekea kutoka lugha za Skandinavia, kwani Wadenishi nao wana "bølle". Ingia Uskoti, ni "blaeberry", na "blae" ni neno la kaskazini la rangi ya buluu iliyokolea, lililotoka kwa mababu Wanorsi. Vuka bahari hadi Ireland, ni "fraughan", kutoka Kiayalandi "fraochán", na ndani yake mna "fraoch", yaani hetha, kile kichaka cha maua ya zambarau kinachofunika vilima vya huko na ambacho tunda hili huota katikati yake. Wales wana "llus". Tunda ni moja. Anayesema karanga na anayesema njugu, anayesema kitunguu saumu na anayesema thomu, hatashangaa.

Wapoland wana mgogoro wao wa aina hii, na wanaushikilia kwa moyo. Sehemu kubwa ya nchi huliita tunda hili "jagoda", neno ambalo pia ni la matunda madogo kwa jumla. Watu wa Kraków na kusini huliita "borówka". Kila kiangazi hubishana upya, na kila upande husikia jina la mwenzake kama kosa.

Majina hayo ya Uingereza na Ireland nimeyaandika kwenye karatasi moja na kuiweka juu ya meza. Ukiyatazama pamoja, unaona kila watu walilitaja tunda kwa kile kilichowagusa kwanza. Mskoti aliona rangi. Muayalandi aliona kichaka jirani. Mtu wa Shropshire nitamrudia, maana yeye ndiye aliyenisaidia.

Kuhusu rangi, nina neno la kusema. Huko kaskazini rangi ililipa tunda jina. Kwetu tunda liliipa rangi jina: tunasema rangi ya zambarau, na mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuuona mzambarau bado anaisema, akichora. Mti wenyewe ulitoka Bara Hindi. Rangi bila shaka ilikuwepo kabla yake, kwenye maua na machweo, lakini ni tunda hilo lililoipa Kiswahili jina lake, kwa sababu ndilo lililoshika kwenye ulimi na kukataa kutoka. Napenda kufikiri kwamba rangi nyingi zilipata majina namna hiyo, kwa madoa.

Tunda la buluu likipondwa kwenye ngozi ya mtu huacha alama inayofanana sana na damu iliyovilia. Waingereza hawakuacha kuliona hilo. Katika sayansi yao ya nembo za koo, duara la rangi ya buluu lina jina maalumu: huitwa "hurt". Wako wanaosema ni tunda letu, wako wanaosema ni jeraha, kwa kuwa neno hilohilo ndilo la kuumia. Shakespeare naye, katika mchezo wa The Merry Wives of Windsor, alipotaka kueleza ngozi ya wajakazi wavivu itakavyokuwa baada ya kufinywa na majini wadogo, aliifananisha na "bilberry". Huyu ni mtu wa Warwickshire, anayejua tunda na anayejua hadhira yake inalijua.

Na madoa yana mila zake. Yorkshire walioka pai za matunda haya na kuziita pai za midomo michafu, wakaziandaa kwenye chakula cha baada ya mazishi. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda. Waombolezaji wamerudi makaburini, wamekaa kimya na nguo zao nyeusi, na kila mmoja ana midomo ya buluu kama ya mtoto aliyetoka kilimani. Ni vigumu watu kubaki mbali wakiwa katika hali hiyo.

Ireland walikuwa na Jumapili ya "fraughan", Jumapili ya mwisho ya Julai, masalio ya sikukuu ya kale ya mavuno iitwayo Lughnasa. Vijana walipanda vilima wakiwa na vikapu. Wavulana walitunga matunda kwenye nyasi wakawavisha wasichana kama bangili, na ndoa nyingi zilianzia huko juu. Mtafiti Máire MacNeill alikusanya habari za mikusanyiko hiyo, kilima kwa kilima, katika kitabu chake kikubwa cha 1962, wakati wazee walioshiriki walikuwa bado hai kusimulia.

Walowezi wa Kiingereza walipofika Amerika walilibeba neno, tunda likabaki. Huko walikuta matunda mengine ya buluu na meusi, ya ukoo wa karibu lakini si yaleyale, wakayapa jina walilokuja nalo. "Hurtleberry" ikageuka "huckleberry", na Mark Twain alipompa mvulana wake jina la Huckleberry Finn, katika riwaya iliyotoka Uingereza mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, watu wa huko walikuwa wameshasahau jina hilo lilitoka kilima gani.

Sisi tumefanya vivyo hivyo, na neno liko kila siku kinywani mwetu. Kwa Waarabu "zabib" ni tunda la mzabibu lililokaushwa. Likiwa bichi lina jina lingine, "inab". Lilipofika pwani yetu likiwa kavu ndani ya magunia ya majahazi, jina lilifika pamoja na ukavu wake. Baadaye tulipoliona tunda lenyewe likiwa na maji yake tukalipa jina lilelile, na leo tunalazimika kusema zabibu kavu tukimaanisha kile ambacho neno lilikuwa linakisema peke yake. Hakuna aliyekosea. Neno husafiri na mzigo uliopo.

Jina lililoyameza majina hayo yote ya tunda la kilimani limetoka Marekani. Mwanasayansi Frederick Coville alichapisha mwaka 1910 majaribio yake yaliyoonyesha kwamba vichaka vya matunda ya buluu ya huko vinahitaji udongo wenye tindikali, na kwamba mbolea na chokaa anazozipenda mkulima zinaviua. Mwanamke mmoja wa New Jersey, Elizabeth White, binti wa familia yenye mashamba huko Whitesbog, alimwandikia akajitolea kutoa ardhi. Aliwaomba watu wa misitu ya jirani wamletee vichaka vyenye matunda makubwa kuliko yote, akawalipa, na kila kichaka akakipa jina la aliyekigundua. Mmoja wao aliitwa Rube Leek. White hakuona kama jina lolote kati ya hayo mawili linafaa kuitwa tunda, akachukua la kwanza na kulibandika herufi ya mwanzo ya la pili: Rubel. Mwaka 1916 waliuza mavuno ya kwanza. Rubel bado inapandwa hadi leo.

Hiyo ndiyo "blueberry" ya madukani, bluberi. Kichaka chake ni kirefu, matunda yake ni makubwa na huja kwa vichala, na ukilipasua nyama ya ndani ni nyeupe-kijani. Mkulima amelipata tunda linaloweza kupangwa mistari, kuvunwa mengi kwa mara moja, kusafirishwa bila kupondeka. Kenya nayo imeanza kulilima kwa ajili ya masoko ya nje. Silichukii. Lakini lile la kilimani ni zambarau hadi kwenye moyo wake, tamu na kali kwa pamoja, na halijakubali kufugwa; karibu yote yanayouzwa huchumwa porini. Uswidi na Finland, ambako sheria ya desturi humruhusu yeyote kuchuma porini, kwa miaka mingi wachumaji wengi wa biashara walikuwa wakulima kutoka Thailand waliokuja kwa msimu mmoja, wakikwangua vichaka kwa kisanduku chenye meno kama kitana. Baadhi wamerudi kwao na madeni, na kesi za unyonyaji wao zimefika mahakamani. Ni tunda lilelile la viatu vya watoto wa Shropshire, na bado mgongo unaoinama ni wa mwenye shida.

Soko likawa limegawa majina kwa faida yake. Bakuli la matunda likaitwa "blueberry". Chupa ya vidonge vya macho ikaitwa "bilberry", ikiuzwa pamoja na ile hadithi ya marubani wa Uingereza wa Vita Kuu ya Pili waliokula jamu yake wakaona gizani, hadithi ambayo majaribio ya wanasayansi hayakuithibitisha. "Whortleberry" halikupewa chupa wala bakuli. Limebaki vilimani, kwa watu wanaojua ni wapi pa kuinama.

Mwaka 2007 kamusi ya watoto ya Oxford, ya umri wa miaka saba, iliondoa maneno kadhaa ya mimea na wanyama ili kupisha mengine. "Heather", ile hetha iliyomo ndani ya jina la Kiayalandi, iliondoka. "Blog" na "broadband" zikaingia. Watu walipogundua, iliwauma. Mwaka 2015 waandishi 28, Margaret Atwood akiwemo, waliandika barua ya wazi kumlaumu mchapishaji wa kamusi hiyo. Mwaka 2017 Robert Macfarlane na mchoraji Jackie Morris walitoa kitabu kikubwa cha picha na tungo, The Lost Words, cha maneno yaliyokuwa yakipotea midomoni mwa watoto. Namuelewa mtunga kamusi: kurasa zina mwisho. Lakini mtoto asiye na neno hupita juu ya kichaka akiona majani tu.

Nirudi mezani kwangu. Nilikuwa bado sina neno.

Tatizo la kwanza ni kwamba Kiswahili cha kila siku hakina jina moja la matunda yote madogo yanayochumwa, lile Waingereza waliloweka mwishoni mwa majina haya yote. Tuna jina la kila moja: forosadi, kunazi, zambarau. Wapo wanaotumia "beri", na mimi silipingi, ila ukiliuliza maana yake kwa mtaalamu wa mimea utashangaa. Kwake beri ni tunda lililotokana na ovari moja ya ua, lenye nyama na mbegu ndani bila kokwa gumu. Kwa kipimo hicho nyanya ni beri, bilinganya ni beri, pilipili ni beri, na ndizi ni beri. Stroberi si beri. Forosadi nayo si beri. Neno hilo lisingenisaidia kumwonyesha mwanafunzi wa darasa la sita chochote.

Nilijaribu "wotoberi", nikiliandika kama linavyotamkwa. Lilikaa kwenye sentensi kama kokoto ndani ya wali.

Hapo ndipo nilipomrudia mtu wa Shropshire na "whinberry" yake. Kamusi za historia zinaeleza kwamba mwanzo wa jina hilo ni "winberige" la Kiingereza cha kale, tunda la divai, na maana yake ilikuwa zabibu. Zabibu hasa, za mizabibu. Watu wa vilima vile vya baridi walisikia kanisani habari za mizabibu ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Kisha wakainama kilimani, wakakuta punje za mviringo, nyeusi-buluu, zenye vumbi jeupe juu na maji yenye kutia doa, na zabibu zao wakazipata hapo.

Kumbe tafsiri niliyokuwa naihangaikia ilikwisha kufanywa, na wenyewe, tangu zamani.

Nilipokuwa nakagua ukoo wa Vaccinium nikakuta ndugu yake karibu nasi. Juni 1889 Luteni William Stairs, ofisa katika msafara wa Henry Morton Stanley, aliupanda mlima Rwenzori akiwa na wapagazi Wazanzibari. Kilele hakukifikia, lakini alishuka na mimea, na Emin Pasha, daktari aliyeijua mimea, akaitambua kambini; orodha yake ina ukoo wa Vaccinium ndani yake. Kichaka cha Rwenzori sasa kinaitwa Vaccinium stanleyi. Huota katika ukungu wa juu, kwenye eneo la hetha kubwa kama miti, jirani zilezile za Ireland zikiwa zimerefuka. Wapagazi wale, wanaume wa Unguja na Mrima wenye Kiswahili chao, walipita kando ya ndugu wa "whortleberry" wakiwa na baridi miguuni.

Nimeandika zabibu mwitu. Mwitu kwa sababu hakuna aliyezipanda, kama tusemavyo mbwa mwitu na nguruwe mwitu. Mbele yake nimeongeza sentensi moja ambayo haimo katika Kiingereza, inayosema kwamba vichaka vilifika magotini. Kwa kawaida sijiruhusu kuongeza, ila hii nimeitetea: msomaji wa Kiingereza aliyelijua neno alikiona kichaka bila kuambiwa, na wangu anastahili kukiona pia. Mama sasa anatazama midomo, anatazama vidole, ni kama anasema nionyeshe kikapu.

Mhariri amelikubali neno. Ameuliza tu kama zabibu hizo huliwa pamoja na mbegu zake. Nimemjibu kwamba huliwa, ni ndogo mno kutemwa.